Nyumba Iliyoanza Kurudi

Kitu cha kwanza kilikuwa nduma. Wawira alifungua mlango jioni ya Jumanne, akaweka mkoba kitini, akaenda kuwasha gesi, na hapo juu ya meza ya jikoni akaziona: nduma nene, zimeoshwa na kung'olewa vizizi, zimelazwa juu ya gazeti. Hakuwa amenunua nduma. Alikuwa ameufunga mlango asubuhi, na jioni aliukuta umefungwa. Akarudi mlangoni kukiangalia kitasa, akakigusa kwa mgongo wa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kitasa kilikuwa kizima.

Alikagua nyumba. Haikuwa kazi ndefu, kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa sebule, chumba cha kulala, jiko na bafu, katika ploti ya nyumba sita upande wa Majimbo, mjini Embu. Televisheni ilikuwapo, kompyuta ilikuwapo, hata saa ya mkononi aliyoisahau kando ya kitanda ilikuwa palepale. Hakuna kilichopungua. Kilikuwa kimezidi.

Wawira alikuwa mpima udongo. Wakulima walileta udongo wa mashamba yao maabara, naye akawaambia kama shamba linataka chokaa, samadi au kupumzishwa tu. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutoiamini sampuli moja. Kwa hiyo hakumpigia mtu simu wala hakupiga kelele. Alizitazama nduma zile mpaka kesho yake, kisha akazichemsha, akazila na chai.

Lakini wakati wa kuzimenya, hesabu moja ilimjia bila kuitwa. Kitasa kile kilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa mkobani mwake. Wa pili alikuwa nao Gitari.

Gitari ndiye aliyekinunua kitasa hicho na kukifunga kwa mikono yake, baada ya kile cha zamani kuanza kukwama. Alikuwa dereva wa lori la kukusanya majani chai huko kwao Kibugu, na kwa miaka mitatu kila aliposhuka mjini alikuja na kitu cha mtoni: nduma, aghalabu, kwa sababu mama yake alizipanda kando ya kijito. Katika miaka hiyo mitatu Wawira alizila nduma za mama huyo bila kuuona uso wake. Jambo moja tu ndilo alilowahi kumwomba Gitari, kwamba wapelekane, mama amwone yeye naye amwone mama. Gitari alisema ndiyo, halafu akasema baada ya mavuno, halafu Pasaka ilipofika akasema anahitaji nafasi ya kufikiri. Asimtafute. Akiwa tayari, atakuja mwenyewe.

Wawira alimjibu kwamba ni sawa. Ufunguo hakuudai, kwa sababu kuudai kungekuwa kumtafuta.

Baadaye ikatokea nafasi Nchiru, huko Meru, ambako maabara mpya ilikuwa inafunguliwa karibu na chuo kikuu. Bundi, mkuu wa maabara hiyo, alimpigia yeye mwenyewe na kumwambia kwamba anataka mtu asiyebahatisha. Wawira alikubali kwa mdomo. Karatasi yenye sahihi yake ilitakiwa kufika kabla ya mwisho wa mwezi. Akampa notisi Mama Nthiga, mwenye nyumba, na kuanza kuokota maboksi dukani. Aliwaambia watu kwamba anakwenda kwa sababu cheo ni kikubwa zaidi, na huo ulikuwa ukweli. Ilikuwa kweli pia kwamba Nchiru hakuna mtu ambaye angemwuliza Gitari yuko wapi siku hizi.

Sampuli ya pili ilikuwa ndizi mbivu, zile fupi tamu, zimewekwa ndani ya sufuria na kufunikwa. Siku hiyo kulikuwa na mengine. Pazia la chumba cha kulala, ambalo hulifunga kila asubuhi, lilikuwa limefunguliwa. Bafuni, nguo zake za ndani alizozianika kwenye kamba zilikuwa zimesogezwa zote upande mmoja, taratibu, kama mtu anavyotenga matawi ili aone njia. Hakuna iliyoanguka. Mtu alikuwa amezishika, moja moja au zote kwa pamoja, na kusogeza ili aone nini? Bomba? Ukuta?

Kama ni Gitari, basi hakuwa ameona kipya. Kama si Gitari, Wawira hakutaka kulimaliza wazo hilo. Alijikuta akitumaini kwamba ni yeye, kwa sababu mbili, na ni moja tu aliyoikubali: kwamba ni afadhali kushikiwa nguo na mtu unayemjua.

Kazini alimweleza Purity, aliyekuwa akianika udongo pamoja naye kwenye sinia. Purity alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mwizi wa kuleta," alisema. "Mimi wangu walibeba mpaka kamba ya nguo. Huyo wako ukimaliza naye, mwelekeze kwangu."

"Purity, mtu anaingia nyumbani kwangu nisipokuwepo."

"Si nimesikia? Nduma, halafu ndizi. Huyo anapanda ngazi, dada. Wiki ijayo utakuta mbuzi amefungwa kwa mguu wa meza. Na mbuzi wajua ni wa nini."

Wawira alijua: mbuzi ni wa posa. Alimwambia aangalie sinia yake isije ikachanganyika na ya mteja mwingine.

Wawira alimfikiria Mama Nthiga pia, ila akamtoa kwenye hesabu kwa ushahidi. Kwanza, hakuwa na ufunguo wa kitasa kipya. Pili, hakuwa mtu wa kuingia. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa, aliyeishi kwenye nyumba ya mbele katika ploti hiyohiyo, na kwa miaka yote ambayo Wawira alikuwa mpangaji wake hakuwahi kuvuka kizingiti hata akikaribishwa. Mwaka ule bomba lilipopasuka, alisimama uani na kumwelekeza fundi kwa sauti, macho ameyageuzia ukuta, kana kwamba sebule ya Wawira ilikuwa mtu anayeoga. Mtu wa namna hiyo hasogezi nguo za mwenzake.

Kumwuliza waziwazi, hata hivyo, kulikuwa na aibu yake, kwa kuwa kungefichua kwamba mwanamume alikuwa na ufunguo na hakudaiwa. Basi siku moja walipokutana bombani Wawira aliuliza kwa kuzunguka kama kuna mtu ameonekana huku nyuma mchana. Mama Nthiga alisema huku nyuma kumetulia. Wawira akazunguka tena, akamtaja Gitari. Mama Nthiga akasema aah, Gitari, alipita barabarani siku si nyingi na lori lake, akasimama kumwamkia na kumwuliza hali ya Wawira. Kijana wa heshima yule. Halafu akaubeba mtungi wake, na Wawira akabaki na sentensi hiyo moja, akiigeuza huku na huku.

Sasa alikuwa na nduma za kando ya mto, ufunguo wa pili, na mtu aliyesimamisha lori kuuliza hali yake. Kila kimoja kilikuwa kweli. Kilichomtatiza ni namna vilivyokataa kukaa pamoja. Gitari aliyemjua alikuwa mtu wa honi na kelele; asingeingia kimya kama paka akaacha ndizi. Lakini je, mtu anayerudi kwa aibu si huja kimya? Na kama amerudi, kwa nini asisubiri hadi jioni? Na lile pazia?

Aliamua kupima. Asubuhi ya Jumatatu alichemsha chai ya maziwa, akaijaza kwenye chupa, akaiweka mezani pamoja na kikombe kimoja kilichofunikwa kwa kisahani. Kama mgeni ni mtu mbaya hatainywa. Kama ni Gitari ataelewa kwamba ameonekana na kwamba mlango haujafungwa.

Aliporudi, chupa ilikuwa tupu. Ilikuwa imesuuzwa. Na kwenye kichanja cha vyombo vikombe vilivyokuwa vimeoshwa na kupinduliwa vilikuwa viwili.

Wawira alikaa. Kando ya chupa palikuwa na pakiti ya majani chai, si ya dukani bali yale ambayo kiwanda huwauzia wakulima wake wenyewe. Kiti cha pili kilikuwa kimevutwa kwenye dirisha. Na hewani, hafifu lakini bila shaka yoyote, kulikuwa na harufu ya mafuta mazito ya kujipaka, yale ya akina mama wa umri mkubwa.

Mwanamke wa umri mkubwa. Mkulima wa majani chai. Ameketi dirishani, amekunywa chai, amemwoshea vyombo mwenyeji asiyekuwepo, jambo ambalo dereva wa lori hafanyi hata kwa kulazimishwa. Wawira alifikia jibu akaliogopa, akarudi nyuma hatua kwa hatua kama anavyofanya maabara tokeo likiwa zuri kupita kiasi, akalifikia tena. Gitari alikuwa amemleta mama yake.

Ulikuwa mtindo wa ajabu wa kumwonyesha mama mchumba, kumleta mchumba akiwa kazini. Lakini labda mama alitaka kwanza kuona anaishi vipi, kama vyombo vinaoshwa, kama bafu ni safi. Akina mama wa namna hiyo wapo. Hilo lingeeleza pazia, na lingeeleza hata kamba. Wawira aliona haya na furaha kwa wakati mmoja, na hakuweza kusema ipi ilitangulia.

Alilala juu ya jambo hilo, akatembea nalo Jumanne na Jumatano. Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, alitoka nje ya maabara akampigia Bundi na kumwambia kwamba haendi Nchiru.

Bundi aliuliza kama amepata kazi nzuri zaidi. Wawira akasema hapana, kuna jambo la nyumbani. Bundi hakumsihi. Alisema ni bahati mbaya, na kwamba kuna mtu wa pili kwenye usaili, atamwandikia.

Jioni alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya mbele. Mama Nthiga alikuwa ameketi nje ya mlango akipukuchua maharagwe kwenye ungo. Wawira akamwamkia, akavutiwa kigoda, akasema alichokuja kusema: kwamba amebadili nia, hahami, anaomba notisi yake ifutwe.

Mikono ya Mama Nthiga ilisimama katikati ya ganda.

"Na Veronicah?" aliuliza.

"Veronicah gani?"

"Yule mwalimu. Si nimeshampa neno langu? Amekuja mara tatu kuiona. Ameipenda. Kesho asubuhi anakuja kupima mapazia."

Wawira alisikia kila neno peke yake. Akauliza, polepole, Veronicah huyo aliionaje.

"Nilimwingiza. Mtu atapangaje nyumba asiyoiona? Alitaka kujua kama bafu linavuja ukutani, nikamwonyesha. Alitaka kujua kama chumba cha kulala kinapata jua."

"Wewe uliingia kwangu."

"Niliingia nikaacha kitu." Mama Nthiga alisema hivyo kama mtu anayekumbusha tarehe ya Krismasi. "Kila mara. Mama yangu Kibugu alitufundisha hivyo. Ukilazimika kuingia kwa mtu hayupo, unaacha chakula mezani, ajue aliyeingia ni mtu wa amani na si mwizi. Zile nduma ni za shamba alilotuachia. Ulizila?"

"Nilizila."

"Hukusema asante. Nikasema, watoto wa mjini. Na mimi siwezi kuzitaja. Anayetaja alichotoa anakidai."

Wawira alitaka kusema mambo mengi, lakini yalifika kinywani kwa pamoja na ni dogo tu lililopita. Aliuliza habari za chai.

"Tulikunywa," Mama Nthiga akasema, sasa naye akishangaa. "Ulimwekea nani? Nilimwambia Veronicah, unaona, huyu mtoto amejua tunakuja, ametukaribisha. Ndiyo maana sikuona ubaya kumwambia aje tena kesho. Hata vyombo nilikuoshea."

Wawira alimkumbusha mkataba. Ulikuwa wa ukurasa mmoja, na mstari mmoja ulisema kwamba mwenye nyumba akitaka kuingia atamjulisha mpangaji kwanza. Alimkumbusha pia kwamba mwezi haujaisha na kwamba mpaka utakapoisha nyumba ile ni yake, bafu ni lake, na nguo zilizo kwenye kamba ni zake. Sauti yake ilibaki chini. Mama Nthiga alimsikiliza bila kukatiza, na usoni pake hapakuwa na hila. Palikuwa na kutoelewa tu, kwingi na kwa kweli.

"Kwa miaka yote hii niliwahi kuingia?"

"Hapana."

"Kwa sababu ilikuwa yako. Lakini ukishasema unaondoka, Wawira, nyumba imeanza kurudi. Si yako yote, si yangu yote. Ndiyo maana siingii mikono mitupu. Kama ingekuwa yangu, ningeacha ndizi za nini?"

Ilikuwa hoja, na Wawira, aliyezoea kuzivunja hoja, hakupata kwa haraka mahali pa kuipiga. Alishika kile ambacho bado kilikuwa kigumu mkononi.

"Hukuwa na ufunguo," alisema. "Kitasa kile kina funguo mbili. Mmoja ninao mimi."

"Na mwingine ninao mimi. Aliuleta Gitari, Pasaka." Mama Nthiga alitazama juu. "Alisema harudi tena huku nyuma, niupokee. Nikadhani mmeelewana. Hakukuambia?"

Kuku mmoja alikuja akaokota harage lililokuwa limerukia miguuni mwa Wawira, na hakuna aliyemfukuza. Wawira aliutazama ukuta wa nyumba ya mbele, ambapo kupitia mlango uliokuwa wazi misumari ya funguo ilionekana, sita kwa mstari. Tangu Pasaka, basi. Wakati wote ambao hakuudai ili asionekane anamtafuta, ufunguo ulikuwa hapo, umbali wa kurusha jiwe, na kila mtu alijua isipokuwa yeye.

"Hakuniambia," alisema.

Mama Nthiga akaweka ungo chini. Hakuuliza kitu, na Wawira alimshukuru kwa hilo kuliko kwa nduma. Akaomba ufunguo. Mama Nthiga akaenda akauleta, akampa kwa mikono miwili, na akasema kwamba kesho watabisha hodi. Kuhusu Veronicah, neno alishalitoa mbele ya mtu na hawezi kulimeza. Lakini kama Wawira hana pa kwenda, watatafuta namna. Wawira akamwambia ampe hadi kesho.

Asubuhi aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini, akampigia Bundi mara tu alipodhani ofisi zimefunguliwa. Alisimama katikati ya sebule, kati ya maboksi aliyokuwa ameanza kuyafungua na mengine ambayo hakuwa ameyagusa.

"Jana ulisema huji," Bundi alisema.

"Ndiyo. Nakuja."

"Kesho Jumamosi utasema nini?"

"Nakuja."

"Na lile jambo la nyumbani?"

Wawira alitafuta maneno yasiyo uongo. "Nilisoma matokeo vibaya."

"Wewe?" Bundi alicheka, lakini kidogo. "Mimi nilikutafuta kwa sababu watu wote waliniambia husomi vibaya."

"Vipimo vilikuwa sawa. Nilichokisema juu yavyo ndicho kisichokuwa sawa."

Ikasikika sauti ya mtu akiburuta meza huko Nchiru. Bundi akasema kwamba yule wa pili ameshamwandikia, jana ileile, na hajajibu. Hawezi kuahidi. Lakini Wawira akifika leo na karatasi yake mkononi kabla ya huyo mwingine kujibu, atakuwa na la kufikiria. Wawira akasema anatoka sasa hivi.

Hapo ndipo mlango ulipobishwa. Mara tatu, kwa adabu, na sauti ya Mama Nthiga ikapiga hodi kama mgeni aliyetoka mbali.

"Subirini," Wawira alisema.

Walipokuwa wakisubiri alikwenda bafuni akaanua nguo zake, akazikunja moja moja, akaziweka ndani ya sanduku na kulifunga. Akatafuta karatasi ya Nchiru, akaitia sahihi juu ya meza ya jikoni, akaiweka mkobani. Nje aliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini. Mama Nthiga alikuwa akieleza kwamba asubuhi jua huingia upande wa kitanda, alasiri upande wa meza. Hakuharakisha. Alifunga pazia la chumba cha kulala, akafikiri, akalifungua, kwa kuwa lingefunguliwa tu.

Kisha akafungua mlango. Mama Nthiga alibaki nje ya kizingiti, macho ameyageuzia ukutani kama siku ile ya bomba. Veronicah, msichana mrefu mwenye futi ya kupimia mkononi, akapita mbele yake bila kusita, kwa mwendo wa mtu anayejua vitu vilipo, akakizunguka kiti na kufika dirishani. Hapo akakumbuka kwamba kuna mtu.

"Wewe ndiye Wawira," alisema kwa furaha. "Karibu, dada, karibu ukae, tusikuache umesimama."

"Asante," Wawira akasema, akakaa.